Meza Yenye Moto Chini Yake

Kontena la mitumba kutoka Japani likifunguliwa, harufu ndiyo inayotangulia kutoka: makabati ya watu, sabuni isiyo ya huku, grisi ya baiskeli. Baiskeli huwa mlangoni kwa sababu ndizo zinazouzika siku hiyohiyo. Nyuma yake ni makochi, meza, majokofu madogo. Na kwenye kila upenyo uliobaki, wapakiaji wa kule husokomeza maboksi ya vidude vya nyumbani, vingine vimeviringishwa kwenye magazeti, vingine bado vimo kwenye pakiti zake za dukani, havijawahi kuguswa. Maboksi hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na fremu mbili za duka pembeni ya barabara ya Njiro, Arusha, upande wa Themi, kule eneo la viwanda ambako malori hayakatiki na vumbi hurudi mahali pake kabla hujamaliza kufuta. Baiskeli na samani aliziuza mwenyewe. Vidude hakuwa na subira navyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani nasubiri matokeo, akaniita. "Wewe si umesoma? Kaa na hivi vidubwana. Kila kimoja uniambie ni cha nini, kama kinafanya kazi, na tukiuze bei gani."

Nilidhani bei ndiyo ingenisumbua. Haikunisumbua hata kidogo. Bei unaisoma usoni kwa mteja. Kilichonitoa jasho ni lile swali la kwanza. Chombo cha jikoni kwa kawaida hukukuta pamoja na mtu wake. Hakuna aliyewahi kuandikiwa maelezo ya mbuzi ya kukunia nazi: ulimwona mama ameikalia, nawe ukaikalia. Sasa hapa vilikuja vyombo vitupu, bila mama aliyevikalia. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, na msaada pekee ulikuwa vile vikatuni nyuma ya pakiti: mwanamke anayetabasamu, mshale, yai, alama ya kukataza kwenye kitu usichopaswa kufanya. Nilijifunza kuanza na alama za kukataza. Ukijua kilichokatazwa, unakaribia kujua kinachotakiwa.

Kabla sijafika mbali kwenye vikatuni, ilibidi nifundishwe umeme.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kiwanda cha matairi cha General Tyre, palepale jirani, mpaka uzalishaji uliposimama mwaka 2009. Baada ya hapo akawa na meza yake ya ufundi nje ya fremu ya Shangazi: multimeta, tesa, koleo, redio moja ambayo haikuwahi kuzimwa. Siku ya kwanza nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha bila utangulizi akanionyesha kibati cha chini ya birika. "Soma hapo, binti. Mia moja. Sisi tuna mia mbili na thelathini. Sasa piga hesabu."

Hesabu yenyewe inatisha kuliko inavyosikika. Kifaa cha kupasha joto hakiongezi nguvu kwa kadiri volti zinavyoongezeka tu. Kinaongeza kwa kipeo cha pili. Volti zikizidi mara 2.3, wati zinazidi zaidi ya mara 5. Birika la Kijapani la wati 600 likichomekwa kwenye soketi ya Arusha, kwa zile sekunde chache za uhai wake linataka kula wati 3,000 na zaidi. Halafu linaungua, ukibahatika peke yake.

Jambo ambalo sikulitarajia ni hili: plagi bapa ya Kijapani, yenye vijiti viwili vyembamba, haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Hiyo ilikuwa kinga. Lakini mtaani kuna vibadilishio vya plagi vinavyouzwa kwa bei ya soda, na mtu akishaona plagi imeingia huamini na umeme umekubali. Mteja mmoja tulimweleza vizuri, akaitikia kila neno, asubuhi akaondoka na birika, mchana akarudi nalo kitako kimevimba. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kama tuna jingine lenye nguvu zaidi.

Ziko na hitilafu za kimyakimya. Japani yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo umeme wake ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, upande wa Osaka ni wa mizunguko 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo walinunua mitambo yao kwa AEG ya Ujerumani na Osaka wakanunua kwa General Electric ya Marekani, na mpaka leo hawajapatana. Sisi ni watu wa 50. Kwa hiyo saa ya ukutani ya zamani ya kuchomeka, ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya Osaka, hata ukiipa transfoma ya kushusha umeme inachelewa dakika 10 kila saa. Tulikuwa na moja ya namna hiyo dukani. Fundi aliigundua jioni, tulipokuwa tunafunga na yenyewe inatuambia bado ni mchana.

Tatizo la transfoma ni kwamba inayoweza kubeba birika au pasi ilikuwa ghali kuliko birika na pasi kwa pamoja. Kitu rahisi kinachohitaji kitu ghali ili kiishi si rahisi tena. Shangazi aliielewa hesabu hiyo haraka kuliko mimi, na uliponoga mgao wa umeme wa mwaka 2011 hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vidude vya umeme vikarudi nyuma ya duka. Vya mkono vikaja mbele.

Isipokuwa meza.

Ilikuja kwenye kontena la katikati ya mwaka, wakati Arusha inapokuwa na ule ubaridi wa Julai, Mlima Meru haujaonekana siku nyingi na watu wanauza mahindi ya kuchoma wamevaa makoti. Meza fupi ya mraba, ya kukalia chini, mbao yake nzuri kabisa. Uso wake wa juu ulikuwa haujagongelewa. Uliunyanyua tu ukatoka. Chini yake, katikati, kulikuwa na sanduku la chuma lenye wavu, na nyuma ya wavu taa nene mbili. Waya wake haukuwa wa plastiki mtupu: ulivikwa nyuzi zilizosukwa, nyeusi na nyeupe, na njiani ulikuwa na kidude cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza. Tuliuchomeka kwenye transfoma ya Fundi. Taa zikawaka nyekundu, na joto likashuka sakafuni.

Kila aliyepita alikuwa na lake. Fundi alisema ni ya kukaushia rangi. Shangazi alisema ni ya kuivishia ndizi. Muuza duka wa jirani alisema ni ya mganga, na akasogea nyuma kidogo alipokuwa anasema.

Aliyetuokoa ni kijana wa Kijapani, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hisabati sekondari moja ya huku na ambaye Jumamosi alipita kutafuta vipuri vya baiskeli yake. "Mama, shikamoo," alimwambia Shangazi, kama kawaida yake, kisha akaiona ile meza, akaacha kuzungumza. Akavua viatu. Akaketi sakafuni, kwenye saruji, akaingiza miguu chini ya meza mpaka kiunoni, akatuomba blanketi. Tukampa shuka la Kimasai lililokuwa kwenye kiti cha Shangazi. Akainua uso wa meza, akalitandaza shuka juu ya fremu, akarudisha uso juu yake, pindo likamfunika miguu. Akatulia hapo. Wateja wawili waliingia na kutoka bila yeye kugeuka.

Inaitwa kotatsu, alisema. Nyumba nyingi za kwao hazina joto la nyumba nzima, na wakati wa baridi kali familia huketi kuizunguka meza hiyo, miguu ndani, wanakula machungwa, wanaangalia televisheni, wengine wanapitiwa na usingizi hapohapo na kugombezwa. Hawapashi chumba. Wanawapasha watu.

Nimeifikiria sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi kuliko mambo mengi niliyofundishwa darasani. Siku ile lakini haikunisaidia kuuza, maana kwa meza ya bei kubwa, mbele ya watu wasio na mazoea ya kuketi chini kwenye baridi, sikuwa na mteja. Aliyeinunua ni mama mmoja wa Nkoaranga, huko juu kwenye miteremko ya Meru ambako Julai ni baridi ya kweli. Alikuja kutafuta kabati. Alisimama mbele ya zile taa nyekundu, akaweka kiganja chini yake, akapima kwa kukishusha na kukipandisha, akauliza: "Hii ukiiwasha usiku kucha haizimiki?"

Alikuwa na vifaranga. Wafugaji wengi wa huko huwatia joto vifaranga kwa jiko la mkaa bandani au kwa chemli, na kila mmoja anamjua jirani aliyeamka akakuta moshi umewamaliza wote. Yeye alikuwa ametazama kile ambacho sisi hatukukitazama: joto linashuka chini, lina wavu wa kuzuia mguso, lina kidude cha kupunguza, na kimo chake ni cha kiumbe kilicholala. Mjapani alikuwa ameketi na kutuonyesha matumizi sahihi. Mama wa Nkoaranga akasimama tu na kutuonyesha kwamba bruda ya vifaranga na sebule ya baridi ni swali lilelile. Shangazi alimuuzia pamoja na transfoma, kwa bei ambayo mpaka leo naiona ilikuwa ya kindugu kupita kiasi. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, alisema ameiinua kwa matofali kwa sababu maranda yalikuwa yanarukia kwenye wavu, na jiko la mkaa analo bado, nje ya banda, kwa siku za kukatika umeme.

Tangu hapo nikabadili namna yangu ya kujaribu. Nilikuwa nikikichukua kidude na kuuliza kinafanya nini. Nikaanza kuuliza kilitoka kwenye nyumba ya namna gani, ni nini kilimkera mtu ndani yake, na kama kero hiyo inaishi huku kwetu.

Jiko la umeme la wali ndilo lililonifundisha zaidi kuuliza hivyo, na hadithi yake niliisoma baadaye. Jiko la kwanza la kupika wali lenyewe na kujizima, lililofanikiwa sokoni, lilitolewa na Toshiba Desemba 1955. Aliyelibuni ni Minami Yoshitada, mwenye karakana ndogo, lakini aliyelijaribu ni mkewe, Fumiko. Alipika sufuria baada ya sufuria, kwa muda mrefu, akiandika nyuzi za joto, kwenye baridi na kwenye joto, mpaka wakafika kwenye ujanja rahisi: chungu ndani ya chungu, maji kidogo kwenye kile cha nje, yakikauka baada ya dakika 20 hivi joto linaruka na swichi inakata. Majiko ya baadaye yaliuacha ujanja huo. Fundi alilifungua moja mbele yangu, tukaona katikati ya kitako kidude cha duara chenye springi. Ni sumaku iliyochaguliwa ipoteze nguvu joto likizidi kidogo nyuzi 100. Maji yakiwepo, chungu hakivuki hapo. Yakiisha, kinavuka, sumaku inaachia, springi inarusha swichi: tak.

Sasa Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na maji ya huku huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo. Niliogopa jiko lisingejua. Linajua, kwa sababu halingoji maji yachemke, linangoja yaishe. Ila wali unapikwa kwa joto pungufu, na mistari ya maji iliyochorwa ndani ya chungu ilichorwa kwa mchele wao mfupi unaonata. Kwa mchele wa Magugu tulipitisha maji juu ya mstari kidogo, na swichi ikisharuka hatukufunua mpaka zipite kama dakika 10. Ukitia tui, jambo jingine: tui huganda chini na kuungua kabla maji hayajaisha, chungu kinapata joto mapema, swichi inaruka wali ukiwa na kiini. Dawa ni kutia tui jepesi kwanza na lile zito mwishoni, jambo ambalo bibi yoyote wa Tanga angekwambia bila sumaku.

Majiko mengine huimba. Zojirushi, kampuni iliyoanza na chupa za chai, imeyawekea majiko yake wimbo mmoja wa kuanza na mwingine wa kumaliza, na watoto wa shule waliokuwa wakipita barabarani walifika kuulizia "lile jiko la muziki". Walioimbiwa hawakununua. Na bibi yangu, mama yake Shangazi, tulipompelekea wali wa jiko la umeme, mweupe, uliochambuka, kila punje peke yake, aliula wote kisha akauliza ukoko uko wapi. Tukamweleza kwamba ndiyo sifa ya jiko, halina ukoko. "Basi watoto watagombania nini?" akasema. Wali wa jiko lile haukurudi tena kwake.

Vitu vidogo, vile vya bei ya chini kabisa, vingi vilitoka kwenye maduka ya yeni 100. Mwanzilishi wa duka kubwa kuliko yote ya aina hiyo, Yano Hirotake wa Daiso, alianza mwaka 1972 akiuza bidhaa kwenye lori akizunguka miji, na inasimuliwa kwamba aliamua kila kitu kiwe yeni 100 kwa sababu hakuwa na muda wa kubandika bei. Mtu yeyote aliyesimama Soko la Kilombero akasikia kipaza sauti kikilia "buku, buku, kila kitu buku" anamwelewa Yano bila mkalimani. Duka lake la kwanza la kudumu alilifungua Takamatsu mwaka 1991.

Wateja wetu walivitaka kwa sababu "ni Mjapani huyo, siyo Mchina". Ukivigeuza, vingi vimeandikwa chini kwamba vimetengenezwa China. Sikuwahi kuwaambia wasipouliza, na hawakuuliza. Na ikawa kinyume chake pia: Miniso, kampuni ya Guangzhou yenye maduka mpaka Nairobi, ilijionyesha kwa miaka kama ya Kijapani, kisha mwaka 2022 ikaomba radhi hadharani, na walioombwa radhi walikuwa Wachina.

Baadhi ya vidude nilishuku vilitengenezwa kwa mzaha. Sindano ya kutoboa yai kitakoni kabla ya kulichemsha lisipasuke: nilicheka, nikaijaribu, mayai hayakupasuka, na hakuna aliyeinunua kwa sababu hakuna aliyeona yai lililopasuka kuwa ni tatizo. Kijiti cha mianzi cha kuchokonolea masikio, chenye manyoya laini mwishoni: wazee walikipapatikia, ingawa daktari yeyote atakukataza. Baadaye ndipo nikajua kuna Mjapani, Kawakami Kenji, aliyegeuza mzaha huo kuwa sanaa na katika miaka ya 1990 vitabu vyake vikasomwa duniani: feni ndogo kwenye vijiti vya kulia ili tambi zipoe, nguo ya mtoto yenye vitambaa vya kudekia ili akitambaa asafishe sakafu. Masharti yake yalikuwa makali. Kitu lazima kitengenezwe kweli, kifanye kazi, na kisiuzwe kamwe. Shangazi nilipomsimulia alisema huyo hana madeni.

Kilichouzika hata tukakosa ni fremu ya plastiki ya kuanikia, yenye vibanio vingi vinavyoning'inia chini yake. Wiki ya kwanza wanawake waliigeuzageuza wakidhani ni mchezo wa mtoto. Kisha ikaja masika, Aprili, mvua haikatiki, na nguo za shule lazima zikauke chini ya kibaraza. Soksi, chupi, leso, vyote kwenye ndoano moja, na nguo za ndani katikati ambako mpita njia hazioni. Japani wanaanika hivyo kwenye vibaraza vya ghorofa kwa sababu uwanja hawana. Sisi uwanja tunao, ila tuna mvua na macho ya watu. Kasoro yake ni jua letu: mtu aliyeiacha nje mwaka mzima alikuta vibanio vinavunjika kwa kuguswa.

Kingine kilikuwa kikwaruzo cha tangawizi, kisahani cha udongo wa kufinyanga kilichong'arishwa, chenye meno madogo yaliyosimama na mfereji pembeni. Hakina matundu. Kila mteja aliuliza matundu yako wapi, nami nikawa naweka tangawizi ya kukwaruza palepale kaunta. Unaisugua kwa kuizungusha. Rojo na maji hukusanyika kwenye mfereji, na nyuzi, zile zinazobaki mdomoni ukinywa chai ya tangawizi iliyotwangwa, hunasa kwenye meno. Unaigonga, unamimina kwenye sufuria. Duka zima linanukia. Kidude hicho sikuhitaji kukieleza kwa mdomo.

Lakini kidude cha Kijapani kilichokuwa tayari kwenye kila nyumba ya wateja wangu hakikupita kwangu kabisa. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, ni ya Ueyama Eiichiro wa Wakayama. Alipata mbegu za pareto kutoka Marekani miaka ya 1880, na mwaka 1890 akatoa vijiti vya kufukiza. Viliungua dakika 40 tu. Mtu alale vipi? Mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza mwaka 1895 wavirefushe na kuvikunja duara, na mwaka 1902 ikaingia sokoni dawa inayowaka saa 7, yaani usiku wa mtu. Pareto yenyewe baadaye ikahamia kwenye miinuko ya Kenya na Tanzania. Na chandarua cha Olyset, chenye dawa iliyochanganywa ndani ya uzi badala ya kupakwa juu yake, kilitokana na kazi ya Ito Takaaki wa Sumitomo Chemical, ambao walianza na nyavu za kuzuia wadudu viwandani. Mwaka 2003 kilianza kutengenezwa hapahapa Arusha na A to Z Textile Mills, kiwanda ambacho Rais George W. Bush alikitembelea Februari 2008. Watu walikuwa wakivuka nusu ya jiji kuja kwetu kutafuta kitu cha Kijapani, na usiku wanalala ndani yake.

Kila Agosti tulihamia kwa wiki moja kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo ya Nanenane, Themi. Huko kuna ng'ombe wa maziwa, mbegu, mashine za taasisi za CAMARTEC, TEMDO na SIDO, na kwenye njia za pembeni ndiko waliko watu wa aina yangu, wenye vipaza sauti na rundo la karoti. Nilikuwa na kikatio cha kabichi, kipana, chenye wembe mmoja, ambacho Wajapani hukitumia kupata kabichi nyembamba ya kula mbichi. Nilikipenda sana. Nilijua kukitumia mpaka watu wanasimama.

Mama lishe mmoja aliyekuwa na banda la chakula nyuma yetu alisimama pia, akanitazama nikimaliza robo ya kabichi. Akaondoka, akarudi na kabichi yake na kisu. Aliishika mkononi, hakuwa na ubao, akaanza kuikatia hewani juu ya beseni, kisu kinakuja kwake na kusimama nywele moja kabla ya kidole gumba. Watu wakahama kwangu kwenda kwake. Alipomaliza kichwa kizima mimi nilikuwa sijafika nusu. Changu kilikuwa chembamba kuliko chake, hilo alilikubali. Akakichukua kile kikatio, akautazama wembe, akakirudisha.

"Hiki ni cha mtu mwenye kabichi moja," akasema. "Mimi nina gunia."

Sikuwa na la kujibu, maana alikuwa amekieleza vizuri kuliko pakiti yake. Akashusha macho kwenye meza yangu, akaona kikwaruzo cha tangawizi, akasugua kipande, akanusa, akaonja nyuzi zilizonasa. Akauliza kama ninacho cha ukubwa wa sinia.

Hakikuwepo. Kontena halichaguliwi, unaletewa kilichotupwa. Tuliporudi dukani Fundi alichukua kipande cha bati lisiloshika kutu na msumari, akaanza kugonga kwa upande wa chini, bila kutoboa upande wa pili, meno yakainuka juu. La kwanza aligonga kwa nguvu mno, likawa na matundu, maji yote yakapita. La pili lilikuwa zuri ila bapa. Mama lishe alikaa nalo siku kadhaa, akalirudisha, akasema pindeni kingo, rojo inamwagika, na muweke mahali pa kushikia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio una tangawizi. Fundi akalalamika kwamba angesema mapema. Alikunja kingo, akafunga mpini wa bomba, akampelekea mwenyewe kwa baiskeli, na aliporudi alikuwa na oda ya mengine mawili kutoka kwa majirani zake, wa pili akitaka meno makubwa zaidi, ya muhogo.